Huangshan Maofeng: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Chai ya Kijani ya Mlimani

Maswali haya hutoka kwa watu wa aina mbili. Kuna walioletewa kopo la chai na ndugu aliyerudi kutoka Guangzhou wakabaki wanaliangalia tu, na kuna walioinunua kwa bei ya kuuma, wakaionja, wakaona wamepigwa. Wote wamefikiriwa hapa.

Huangshan Maofeng ni chai gani?

Ni chai ya kijani ya kusini mwa mkoa wa Anhui, mashariki mwa China. Huangshan ni mlima, na siku hizi pia ni jina la mji unaotawala eneo hilo. Maofeng ni aina ya chai yenyewe: chipukizi changa lenye manyoya meupe laini, lililochongoka. Tamka "Hwang-shan Mao-feng" na muuzaji atakuelewa. Kwenye pakiti tafuta herufi hizi nne: 黄山毛峰.

Wachina wanapotaja chai zao kumi mashuhuri, orodha hubadilika kulingana na anayeitaja, lakini hii mara nyingi haikosekani.

Huo mlima una nini?

Una mawe ya granaiti yaliyosimama wima, misonobari iliyoota kwenye nyufa za miamba, na mawingu yanayojaa mabondeni mpaka vilele vibaki juu kama visiwa. Kilele kirefu zaidi, Lianhua, kina mita 1,864. Jina la Huangshan lilitolewa kwa amri ya mfalme mwaka 747, na mwaka 1990 UNESCO iliuweka mlima huo katika Urithi wa Dunia kwa uzuri wa asili na kwa utamaduni pia, maana wachoraji na washairi wa China wameupanda kwa karne nyingi.

Chai haivunwi kwenye vile vilele vya picha, ingawa wauzaji huziweka kwenye makopo. Inalimwa chini yake, mabondeni na kwenye miteremko, katika vijiji kama Fuxi na maeneo ya Tangkou, kwenye vishamba vidogo vilivyobanwa kati ya misitu na mianzi. Mengi ya mashamba hayo yapo mamia kadhaa ya mita juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Kericho, anayechuma chai kwenye mita 2,000 hivi, atauliza huo nao ni mlima gani. Ana haki ya kuuliza, na jibu linafuata.

Kama urefu wenyewe si mkubwa, ladha inatoka wapi?

Inatoka kwenye baridi na ukungu. Huangshan ipo karibu nyuzi 30 kaskazini mwa ikweta. Kuna majira ya baridi ya kweli huko, na theluji huanguka. Mchai husimama kukua kwa miezi kadhaa, na wakati huo unaweka akiba mizizini na kwenye matawi. Joto linaporudi, akiba ile yote inakimbilia kwenye chipukizi za kwanza. Ndiyo maana machipukizi ya majira ya kuchipua yana theanini nyingi, kiini kinachoipa chai utamu wake mzito, ule unaokaribia ladha ya mchuzi kuliko ladha ya sukari.

Jua kali huigeuza theanini kuwa katekini, na katekini ndiyo ukakasi na uchungu. Hapo ndipo ukungu unapofanya kazi yake. Mlima huu una ukungu kwa zaidi ya siku 200 kwa mwaka, mwanga unafika shambani umepunguzwa makali, na jani linabaki laini na tamu kwa muda mrefu zaidi.

Kwetu karibu na ikweta mchai haulali. Kenya huchuma mwaka mzima, na hiyo ni faida kubwa kwa mkulima, ila hakuna ile akiba ya miezi ya baridi inayotoka kwa mpigo mmoja. Ukiuliza kwa nini chai ya wiki mbili za mwanzo wa msimu inauzwa bei ya ajabu China, sababu ya kwanza ni hii. Ya pili ni majivuno ya wanunuzi.

Nani aliyeianzisha?

Chai ililimwa Huangshan muda mrefu kabla, lakini Maofeng kwa umbo tunalolijua inahusishwa na Xie Zheng'an, mfanyabiashara wa eneo la Huizhou aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki 1910. Mwaka 1875 alichagua machipukizi machanga ya Fuxi na milima ya jirani, akayatengeneza kwa uangalifu kuliko ilivyokuwa desturi, akayapeleka Shanghai. Nyumba yake ya biashara iliitwa Xie Yuda, na jina hilo bado lipo sokoni.

Huyu alikuwa mfanyabiashara kabla ya kuwa fundi wa chai, na nadhani hilo linaeleza mengi. Watu wa Huizhou walikuwa wachuuzi mashuhuri wa China kwa karne kadhaa, kwa sababu milima yao haikuwa na ardhi ya kutosha kulisha watu. Shanghai ilikuwa imejaa matajiri na wageni waliotaka kitu kizuri machoni, na yeye akawapelekea chai ya kutazamwa kabla ya kunywewa. Hata leo Maofeng huuzwa kwa macho kwanza.

Na ile hadithi ya mvuke unaokuwa ua?

Inasimuliwa hivi. Ofisa mmoja wa enzi ya Ming, Xiong Kaiyuan, alipotea njia Huangshan akapokewa na mtawa. Mtawa akamwandalia chai. Mvuke ukazunguka ukingo wa kikombe, ukapanda katikati, ukajikunja kuwa yungiyungi jeupe hewani. Rafiki wa Xiong, ofisa wa wilaya ya jirani, akaikimbiza chai ile kwa mfalme ili apate cheo. Mvuke ukapanda, ua halikuonekana, na rafiki huyo akaaibika: hakubeba maji ya chemchemi ya Huangshan. Xiong akaitwa, akarudi mlimani kuchota maji, ua likatokea, akapewa cheo. Akakikataa, akavua joho la serikali, akaenda kuwa mtawa.

Xiong Kaiyuan alikuwepo kweli, na kweli aliishia utawani. Ua la mvuke liacheni kwa wasimulizi. Lakini sehemu ya maji haina porojo: maji mabaya huharibu chai hii kuliko kosa lolote jingine.

Inatengenezwaje?

Jani la chai likichubuka na kuachwa hewani hugeuka kahawia, na ndivyo chai nyeusi tunayoijua inavyopatikana. Chai ya kijani inazuiwa isifike huko, na kinachoizuia ni moto.

Machipukizi ya asubuhi hutengenezwa mchana wa siku hiyohiyo, na ya mchana hutengenezwa usiku uleule. Kwanza hupembuliwa, kisha hutandazwa kwenye nyungo za mianzi ili yapoteze unyevu kidogo. Halafu yanaingia kwenye karai la chuma lenye joto la nyuzi 150 hivi za selsiasi. Kwa daraja la juu fundi anaweka konzi chache tu, gramu 200 hadi 250. Hatumii kipimajoto: majani yakigusa chuma lazima yalie kama ufuta unaokaangwa. Yakikaa kimya, moto ni mdogo na jani litaiva vibaya na kupata wekundu pembezoni. Kisha anageuza kwa mikono mitupu, mara 50 na zaidi kwa dakika, akiyanyanyua juu ya karai na kuyaachia yadondoke yakiwa yametawanyika, ili mvuke utoke. Mvuke ukifungiwa ndani, rangi hugeuka njano na harufu inakuwa ya mboga iliyochemshwa.

Majani ya daraja la juu hayafikichwi. Fundi huyabana kidogo ndani ya karai yanapokaribia kuiva, yajikunje yenyewe. Madaraja ya chini hufikichwa kwa mkono dakika moja au mbili.

Baada ya hapo ndipo kuna siri ya ladha yake: kukausha juu ya mkaa. Matenga manne ya mianzi hupangwa juu ya majiko manne, la kwanza likiwa na moto mkali wa nyuzi 90 hivi, na mengine yakishuka mpaka karibu 70. Majani husogezwa kutoka tenga moja hadi jingine, yakigeuzwa kila baada ya dakika chache. Yakipoa na kupumzika, matenga manane au kumi huunganishwa kuwa moja na kurudishwa kwenye moto hafifu wa nyuzi 60, polepole, mpaka yakauke kabisa.

Siku hizi mashine hufanya sehemu kubwa ya kazi hii, na chai nyingi utakayoiona imepita kwenye mashine. Si dhambi. Mbinu za mkono zimewekwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni tangu 2008, na mwaka 2022 utengenezaji wa jadi wa chai ya China uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika.

Kuna tofauti gani na Longjing, ambayo ndiyo maarufu zaidi?

Longjing, chai ya kijani ya Hangzhou, hukaushwa ndani ya karai huku ikibanwa mpaka iwe bapa, kwa hiyo ina harufu ya kukaangwa. Maofeng hukaushwa kwenye tenga, inabaki na umbo lake, na harufu yake ni ya maua zaidi. Taiping Houkui, jirani yake wa Anhui, ina majani marefu bapa ambayo huwezi kuyachanganya na chai nyingine yoyote.

Na chai yetu ya Limuru, Mufindi au Rungwe?

Mmea ni uleule, Camellia sinensis. Ila kwetu hulimwa zaidi ukoo wa Assam wenye majani makubwa, na sehemu kubwa ya chai ya Kenya hukatwakatwa na mashine kuwa chembe ndogo zinazotoa rangi haraka zikikutana na maji ya moto. Hilo ni jambo jema kwa anayetaka chai nzito ya maziwa. Chembe zile hutoa karibu kila kitu kwa dakika tatu. Maofeng ni chipukizi zima, hutoa kidogokidogo, na kwa hiyo hutiwa maji mara kadhaa.

Kiwango cha uchumaji chenyewe si kigeni. Mkulima wa Kenya hufundishwa kuchuma majani mawili na chipukizi. Huangshan, daraja la juu ni chipukizi na jani moja lililoanza tu kufunguka. Majani mawili na chipukizi ni ya madaraja ya chini.

Madaraja yakoje, na ninunue lipi?

Kiwango cha taifa cha China, GB/T 19460-2008, kina daraja maalumu lenye ngazi tatu, kisha la kwanza, la pili na la tatu. Daraja maalumu huchumwa karibu na sikukuu ya Qingming, inayoangukia tarehe 4 au 5 Aprili. Yanayofuata huchumwa mpaka karibu na tarehe 20 Aprili na baada yake kidogo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chukua daraja la kwanza. Daraja maalumu ni nyepesi mno, na ukikosea maji kidogo unakunywa hela yako bila kuionja. Daraja la kwanza lina mwili kidogo na linasamehe. Baada ya msimu mmoja utajua kama ulimi wako unahitaji kupanda juu.

Nitaitambuaje halisi?

Mimina kidogo kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha. Chipukizi liwe limejikunja kidogo, nene, na ncha iliyofunikwa manyoya meupe. Wachina husema ni ulimi wa shomoro. Rangi isiwe kijani cha kung'aa. Inatakiwa iwe kijani kinachoelekea njano, yenye mng'ao wa pembe ya ndovu kuukuu. Kijani kinachowaka kama rangi ya plastiki ni cha kutilia shaka.

Sasa tazama chini ya chipukizi. Kwenye daraja la juu utaona jani dogo moja la rangi ya dhahabu, fupi, limeshikilia shina. Hilo ni jani la kwanza kabisa lililochipua kabla ya mengine, na kwa Maofeng nzuri huachwa makusudi. Rangi ya pembe na jani la dhahabu ndizo alama mbili ambazo wenyeji huzitaja kwanza. Si uthibitisho kamili, maana alama ikijulikana huigwa, lakini zikikosekana zote mbili kwenye chai inayouzwa kama daraja maalumu, rudisha kopo.

Kisheria jina hili ni la chai ya eneo la mji wa Huangshan. Chai ya mikoa mingine inaweza kutengenezwa kwa mtindo wa maofeng, na nyingine ni nzuri, lakini isiuzwe kwa jina la Huangshan.

Mbona nimeionja na haina ladha?

Hili ndilo swali linaloongoza, na mara nyingi lina majibu matatu. Ama umeweka majani machache, ama chai ni ya miaka miwili iliyokaa dukani kwenye kopo la kioo, ama umeinywa ukitegemea ikupige mdomoni.

Maji yake yana rangi hafifu, kijani chenye njano kidogo, na ukiipima kwa rangi utaona umeletewa maji ya moto. Anza na pua. Wachina huiita harufu ya okidi. Mimi hunusa njegere mbichi na maua kwa mbali. Kunywa funda moja, izungushe mdomoni, meza, halafu usinywe tena mara moja. Subiri. Ukakasi mdogo unaokuja ulimini hupotea na nyuma yake kunapanda utamu kutoka kooni, na huo ndio watu wanaoulipia. Mtu aliyetoka kula mandazi au pilipili hataupata. Inywe peke yake, saa nne asubuhi au alasiri, tumbo likiwa si tupu wala halijashiba.

Naiandaaje?

Usiichemshe. Sufuria haina kazi hapa zaidi ya kuchemshia maji.

Tumia glasi refu ya kawaida inayovumilia moto na gramu 3 za majani kwa mililita 150 hivi za maji. Majani haya ni mepesi na yana nafasi nyingi kati yake, kwa hiyo kijiko hudanganya. Kama huna mizani ndogo, weka yanayofunika kitako cha glasi kwa unene wa kidole kimoja, kisha rekebisha kwa ulimi.

Maji yawe nyuzi 80 hadi 85. Dar es Salaam au Mombasa, maji yaliyochemka yaache birika likiwa wazi kwa dakika kadhaa. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya urefu wa mji, kwa hiyo utasubiri kidogo tu. Maji ya kisima yenye chumvi ya pwani yataiua chai kabisa. Tumia ya chupa, na chagua yenye madini machache. Hata hapo chapa hutofautiana sana.

Mimina maji theluthi ya glasi, zungusha polepole majani yalowe, nusa. Baada ya nusu dakika jaza mpaka karibu juu. Usifunike, joto likifungiwa majani yanaiva na kuwa na harufu ya mchicha. Yatapanda juu, mengine yatasimama wima katikati ya maji, kisha yatashuka moja moja. Baada ya dakika mbili au tatu anza kunywa, majani yakiwa ndani.

Mara ngapi naweza kuongeza maji?

Mara tatu kwa raha, ya nne kwa ubahili. Usimalize glasi kabla ya kuongeza. Ikibaki theluthi moja, mimina tena, kwa sababu yale yaliyobaki ndiyo yanayoipa glasi ya pili nguvu. Wengi hupenda ya pili kuliko ya kwanza.

Kuna vumbi jeupe linaelea juu. Chai imeharibika?

Hapana, ni manyoya ya chipukizi yaliyoachia. Chai changa ya majira ya kuchipua huwa nayo mengi, na ukiitazama glasi kwenye mwanga utayaona yakizunguka ndani ya maji. Ni dalili nzuri. Povu jembamba lililoambatana nayo nalo si tatizo.

Sukari? Maziwa? Tangawizi na iliki?

Chai ni yako. Lakini iliki moja tu inatosha kuifunika kabisa, na maziwa yatakupa maziwa yaliyopoa. Kwa chai ya viungo tumia majani yetu, ambayo yana nguvu ya kusimama na tangawizi, na ni ya bei nafuu.

Inapunguza uzito?

Si kwa namna ambayo mizani yako itaiona. Anayekuuzia chai hii kama dawa ya kukata tumbo anakuuzia kitu kingine. Hatari zaidi ni vidonge vya dondoo la chai ya kijani: mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilionya kuwa miligramu 800 au zaidi za EGCG, aina ya katekini, kwa siku kutoka kwenye vidonge vya aina hiyo zinaweza kuleta dalili za ini kuumia. Chai ya kwenye glasi haina historia hiyo.

Ina kafeini? Mjamzito anaweza kunywa?

Inayo, na machipukizi machanga hayana kidogo. Ukinywa saa mbili usiku usishangae kukesha. Shirika la Afya Duniani hushauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze, akihesabu kahawa, chai na soda zote pamoja.

Jambo linalosahaulika zaidi ni madini ya chuma. Chai yoyote, hii na ya rangi ya nyumbani, hupunguza mwili kufyonza chuma kinachotoka kwenye maharage, mchicha na nafaka. Mwenye upungufu wa damu, mjamzito hasa, asinywe chai pamoja na chakula wala pamoja na vidonge vya chuma. Aache saa moja au zaidi ipite. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari wake kabla ya kuifanya mazoea.

Naihifadhije, hasa pwani?

Maadui ni hewa, mwanga, unyevu, joto na harufu, na pwani una karibu wote jikoni. Gawanya chai kwenye pakiti ndogo za karatasi ya fedha zinazofungwa vizuri, acha moja ya wiki hii nje, nyingine weka kwenye friji ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Majani ya chai hunyonya harufu haraka, kwa hiyo friji yenye samaki na vitunguu inahitaji kifuniko cha kuaminika.

Ukitoa pakiti kwenye friji, usiifungue ikiwa baridi. Iache ifikie joto la chumba kwanza, vinginevyo umande utatua kwenye majani na kazi yote ya mkaa itakuwa bure. Inywe ndani ya mwaka wa kuchumwa. Hii si chai ya kuzeesha, na anayekwambia kopo lake la 2015 limepanda thamani ameichanganya na pu'er, chai ya China inayozeeshwa.

Naweza kuiweka kwenye chupa ya chai nikaenda nayo kazini?

Maji ya moto ndiyo yaende kwenye chupa, majani yabaki kwenye karatasi. Ukivifungia pamoja kwa saa tatu utafungua kitu cha njano na kichungu. Beba glasi yako na chupa ya maji, utie mwenyewe mezani.

Majani ya jana yaliyobaki kwenye glasi?

Yatupe kwenye maua. Hata kama yanaonekana mazima na ya kijani, yamelala usiku kucha kwenye unyevu na joto, na ladha ilishaisha jana.